Fanicha za nje majira ya baridi: kifuniko, gereji, besimenti au chumba cha kukodi?

Septemba ikianza kupoa, kwenye nyumba zetu za Minneapolis, Columbus, Des Moines na Edmonton huzuka swali ambalo aliyekulia Mombasa au Bukavu hakuulizwa utotoni: viti vya nje vitalala wapi hadi Aprili? Kule kiti kikinyeshewa unakiinamisha maji yamwagike, jua likitoka mambo yamekwisha. Huku kitanyeshewa, kitaganda, kitayeyuka, kitaganda tena, na mwezi wa nne ukikivuta, mguu unabaki mkononi.

Na mzigo wetu ni mkubwa kuliko wa jirani. Yeye ana meza na viti vinne. Sisi tuna hivyo, tukaongeza rundo la viti vya plastiki, vile vya kukunja vilivyonunuliwa kwa ajili ya vikao vya harusi na misiba, mikeka miwili mitatu, mwavuli, jiko la nyama choma, na benchi la jamaa aliyehamia Texas akasema atalirudia.

Njia zinazotumika ni nne: kufunika hapo hapo nje, kuingiza kwenye gereji au stoo ya bustani isiyo na joto, kuteremsha besimenti (chumba cha chini ya nyumba), na kukodi chumba cha kuhifadhia vitu. Nimeziona zote zikifanya kazi, na zote nimeziona zikiharibu vitu vya watu. Tofauti ilikuwa kitu gani kiliwekwa wapi, na kama kiliingia kikavu au kibichi.

Mambo ya kupima kwanza

Baridi peke yake haina ugomvi mkubwa na fanicha. Mgomvi ni maji yaliyonaswa. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua bomba la chuma, sembuse mguu wa kiti. Yakiwa yamejaa ndani ya mguu wa alumini wenye uwazi, ndani ya ufa wa mbao, au ndani ya kile kitako cha mwavuli ulichokijaza maji mwezi Juni, kinachofuata unakijua. Kwa hiyo kwa kila njia swali la kwanza ni hili: maji yataingia wapi, na yakiingia yatatokea wapi?

La pili ni tabia ya baridi ya mji wako. Minnesota na Alberta, usiku wa Januari kushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri si habari, na kilichoganda Desemba mara nyingi hubaki kimeganda. Kentucky, kusini mwa Ohio au sehemu kubwa ya Ujerumani, kipimajoto huvuka sifuri kwenda na kurudi majira yote. Watu hudhani fanicha huteseka zaidi kwenye baridi kali. Kwa mbao na kwa viungo vilivyogundishwa, kuganda na kuyeyuka kila wiki ni mateso makubwa kuliko kuganda mara moja na kutulia. Uingereza nako barafu ni kidogo, lakini kila kitu kinashinda kimelowa, na kuvu ndilo tatizo.

Halafu kuna nafasi na kazi: vitu vina ukubwa gani, vinapita mlango gani, na nani atavibeba mwezi wa kumi na kuvirudisha mwezi wa nne. Kuna gharama, ya mara moja au ya kila mwezi. Na kuna hatari za pembeni, yaani panya, upepo, wezi na mafuriko.

Kiti chako kimetengenezwa kwa nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya uamuzi iko hapa.

Vile viti vyepesi vya plastiki vya kupandana, vinavyojaa kwenye kila shughuli kuanzia Kariakoo hadi Brooklyn Park, mara nyingi ni vya polipropilini. Plastiki hii kwenye joto la kawaida inapinda bila shida, lakini baridi ikishuka kuelekea nyuzi 10 chini ya sifuri inakakamaa na kupoteza ile hali ya kunesa. Kikiachwa kimetulia hakifanyi kitu. Kikiangushwa, kikikaliwa na mtu mzito au kikiangukiwa na bonge la barafu kutoka kwenye paa, kinapasuka.

Viti vya kusuka vinavyoiga henzirani ni jamii mbili zinazofanana kwa macho. Vilivyosukwa kwa nyuzi za polietilini huvumilia baridi vizuri sana. Vile vya bei ya chini vya PVC hukauka na kukatika nyuzi. Kama huna hakika vyako ni vipi, vichukulie kuwa vya pili. Henzirani halisi, mianzi, na mikeka ya ukili au miyaa haina mjadala: ndani, pakavu.

Kwenye mbao, mtiki ndio mfalme wa nje. Wenyeji wa Muheza na Mtibwa wanaujua kwa mashamba yake. Una mafuta yake ya asili yanayofukuza maji, na ukiachwa juani hugeuka rangi ya kijivu bila kuoza. Ila seti nyingi za bei nafuu madukani si mtiki. Ni akesha (mbao ya jamii ya mgunga) au mkaratusi uliopakwa mafuta, unapendeza mwaka wa kwanza, na mafuta yakiisha unakunywa maji kama sponji. Lebo ikisema tu "mbao ngumu", usiipe heshima ya mtiki.

Alumini haishikwi na kutu, lakini miguu yake mingi ina uwazi ndani. Geuza kiti utazame: chini kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na mara nyingi vimezibwa na udongo au mabuibui. Vizibue kwa waya. Chuma cha kawaida kinategemea rangi yake. Palipochubuka pakwanguliwe na kupakwa rangi kabla ya majira, si baada yake. Kioo cha meza hakiogopi baridi, ila kwenye lile shimo la mwavuli kuna mpira au kipete cha plastiki; maji yakikaa hapo yakaganda, kioo kizima kinaweza kugeuka chenga. Toa kipete hicho.

Na mito ya viti, magodoro ya bembea, kitambaa cha mwavuli? Vyovyote utakavyochagua kwa fanicha zenyewe, hivi viingie ndani ya nyumba, vikavu, kwenye mifuko inayopitisha hewa. Usivibane kwa ile mifuko ya kunyonya hewa kwa miezi sita, sponji hubaki zimebonyea.

Sasa tuzitazame njia zenyewe.

1. Kufunika hapo hapo nje

*Maji na baridi.* Kosa linaloonekana kila mtaa ni lile turubai la buluu lililofungwa hadi chini kama maiti. Mvua haiingii, ni kweli. Lakini unyevu wa ardhi unapanda, unagonga turubai baridi, unageuka matone na kudondokea juu ya meza. Fanicha inanyeshewa kutoka ndani. Kifuniko kinachofaa kina matundu ya hewa ubavuni yenye vizibo vya kuzuia mvua, na hakigusi ardhi. Acha nafasi ya kiganja chini hewa ipite. Katikati ya meza weka ndoo iliyopinduliwa ili kifuniko kiwe na mgongo, maji yateremke badala ya kutuama na kuwa bwawa la barafu. Viti viinamishwe kuelekea mbele, au vilazwe kifudifudi, ili hakuna bakuli popote.

Theluji ina uzito kuliko inavyoonekana kwa macho. Theluji mpya, nyepesi, yenye kina cha sentimita 30 ina kama kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Ikishindiliwa au ikiloa, kina hicho hicho hufika mara mbili au tatu ya hapo. Meza ya mita 1 kwa 2 basi inabebeshwa kilo 60, na kwa siku mbaya zaidi ya 100. Wakazi wa siku nyingi wa Minneapolis wanakumbuka 12 Desemba 2010, paa la kitambaa la uwanja wa Metrodome liliporaruka baada ya theluji ya takriban sentimita 43. Lile lilikuwa na wahandisi. Kile kibanda chako cha turubai cha kukalia kivulini kina nguzo nne za bati, kwa hiyo kitambaa chake kishuke kabla ya Novemba, na usiweke fanicha chini yake ukidhani umezikinga.

*Nafasi na kazi.* Oktoba kazi ni ndogo kuliko njia nyingine zote, hakuna kubeba. Lakini ni kazi isiyoisha: baada ya kila dhoruba unatoka na ufagio laini kupunguza theluji, unakaza kamba upepo ukizilegeza. Usitumie koleo, linapasua kifuniko na plastiki iliyokakamaa kwa pigo moja. Na chagua mahali pasipo chini ya ukingo wa paa, kwa sababu theluji ya paa haianguki kidogo kidogo.

*Gharama.* Kifuniko kizuri kinalipiwa mara moja na hudumu misimu kadhaa. Turubai la bei rahisi huchanika Februari, na hapo upepo unalipiga juu ya mbao usiku kucha likifanya kazi ya msasa.

*Hatari.* Upepo, na wezi kama ua wako uko wazi barabarani. Panya hawana shida na meza tupu. Wakute mto mmoja umesahauliwa humo, wamepata nyumba.

*Inamfaa nani?* Mwenye mtiki, alumini, polietilini ya kweli au chuma kizito chenye rangi nzima, ambaye hana nafasi ndani na hachoki kutoka nje. Haimfai msafiri. Ukienda nyumbani Desemba ukarudi Februari, hakuna atakayekaza hizo kamba.

2. Gereji au stoo ya bustani isiyo na joto

*Maji na baridi.* Mvua na theluji zimekatwa, jua limekatwa, baridi imebaki. Kwa vifaa vingi hii ni hali nzuri, na kwa mbao huenda ni bora kuliko ndani ya nyumba, kwa kuwa hewa haikauki kupita kiasi. Tatizo liko sakafuni. Saruji hupitisha unyevu, na gari likiingia na theluji kwenye matairi linayeyusha bwawa la maji yenye chumvi ya barabarani. Chumvi hiyo ni kutu ya haraka kwa miguu ya chuma. Weka mbao za paleti chini, au angalau vipande vya ubao chini ya kila mguu. Stoo za bustani za plastiki na za bati hutoka jasho siku za jua la baridi. Fungua mlango mara moja moja, hasa mwezi wa tatu.

*Nafasi na kazi.* Viti vya plastiki vipandane, vya kukunja vining'inizwe ukutani kwa kulabu, meza ifunguliwe miguu na kusimamishwa kwa ubavu. Kioo kisimame wima, kimefungwa blanketi au maboksi yaliyokunjuliwa, pembe zake zisiguse saruji. Skrubu zote ziingie kwenye mfuko mdogo, mfuko ufungwe kwenye kitu chenyewe. Asiyefanya hivi hulaumu watoto mwezi wa tano.

Hapa kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Fanicha zikijaza gereji, gari linalala nje. Kila asubuhi utakwangua kioo, na kama liko barabarani, kuna jingine: Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, zinaanza sheria za siku tatu za upande upi wa barabara uegeshwe lini ili magari ya kusukuma theluji yapite, na gari lililokosea hupigwa faini na kuvutwa na breki-dauni. Faini moja na gharama za kulikomboa, umeshanunua vifuniko vizuri vya kutosha.

*Gharama.* Bure kama nafasi ipo. Stoo mpya ya bustani ni ununuzi mkubwa, na miji mingi ina masharti ya ukubwa na kibali. Uliza kabla ya kumwaga msingi.

*Hatari.* Panya kwanza. Panya wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi, na mlango wa gereji pembeni pana matundu makubwa kuliko hayo. Ziba kwa sufi ya chuma, na usiache humo kitambaa wala sponji wala mfuko wa mbegu za ndege. Pili ni gesi. Jiko lenyewe likishapoa na kusafishwa linaweza kuingia gereji, lakini mtungi wa propani hauingii gereji, wala besimenti, wala chumba cha kukodi. Unafungwa, unatenganishwa na jiko, unabaki nje umesimama wima, mbali na madirisha. Baridi haiudhuru. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja mahali palipofungwa hutuama chini ikingojea cheche. Jiko la mkaa lenyewe lisafishwe majivu yote. Majivu yakishika unyevu yanakula bati.

*Inamfaa nani?* Karibu kila fanicha inaridhika hapa, hasa mbao za akesha na mkaratusi, chuma, na viti vya plastiki. Lakini inamfaa mtu ambaye gari lake lina mahali pa halali pa kulala.

3. Besimenti, au popote ndani ya nyumba

*Maji na baridi.* Barafu haipo tena kwenye hesabu. Kwa mito, mikeka, henzirani, PVC na vitambaa, hapa ndipo penyewe. Kwa mbao, tahadhari: hita ikifanya kazi mfululizo, unyevu wa hewa ndani ya nyumba mara nyingi huanguka chini ya asilimia 30, ngozi ya mikono itakuambia kabla ya kipimo. Benchi lililokunywa mvua ya Oktoba likihamishwa moja kwa moja hadi pembeni mwa hita linasinyaa kwa haraka, na viungo vinalegea au mbao inapasuka kwa urefu. Likae kwanza gerejini au barazani kwenye kivuli wiki moja mbili, likauke polepole.

Besimenti nyingine zina ugonjwa wa kinyume, ni mbichi mwaka mzima. Ukiona alama za chumvi nyeupe ukutani au harufu ya udongo, inua kila kitu kutoka sakafuni na uweke mashine ya kukausha hewa. Na usisahau mwezi wa tatu na wa nne: theluji inapoyeyuka haraka ardhi ikiwa bado imeganda chini, maji hutafuta besimenti. Kama nyumba yako ina pampu ya shimoni ya kutolea maji ya besimenti, ijaribu kwa ndoo ya maji kabla ya msimu.

Wenzetu wa Berlin, Hamburg na Stockholm mara nyingi wana kichumba cha kuhifadhia vitu kwenye ghala la chini la jengo. Kihesabu kati ya njia ya 2 na ya 3: baridi yake ni ya wastani, hewa yake nzito. Usifunge vitu kwa nailoni humo.

*Nafasi na kazi.* Ngazi ndizo zinazoamua. Ngazi za besimenti za nyumba za zamani ni nyembamba na zina kona. Pima meza kabla ya kuita vijana. Sofa ya nje yenye kona haitashuka, usijidanganye. Kiti cha kukunja na kiti cha plastiki vinashuka bila maneno.

*Gharama.* Hakuna ya moja kwa moja, isipokuwa umeme wa hiyo mashine.

*Hatari.* Kusogeza vitu karibu na hita ya nyumba au hita ya maji ya gesi. Acha nafasi ya wazi ya kutosha pande zote, fundi apite na moto usipate cha kushika. Pia usafishe kabla ya kushusha. Mayai ya wadudu yaliyo chini ya kiti hayajui kuwa ni Januari, yakipata joto yanaanguliwa.

*Inamfaa nani?* Mwenye vitu vyepesi, vya kitambaa au vya kusuka, mwenye besimenti kavu. Kama una samani za thamani ya moyo, kwa mfano kiti cha mninga kilichosafirishwa na kontena kutoka nyumbani ambacho mzee hukalia kiangazi, kipe nafasi hapa hata kama vingine vyote vinabaki nje. Mbali na hita tu.

4. Chumba cha kukodi

*Maji na baridi.* Kuna vya aina mbili, na bei zake si sawa. Vile vyenye mlango wa kukunja unaofunguka moja kwa moja nje ni sawa na gereji isiyo na joto, pengine vikavu zaidi maana hakuna gari linaloingiza theluji. Vile vilivyo ndani ya jengo lenye joto vinafanana na besimenti kavu. Kwa meza na viti, vya kwanza vinatosha. Usilipie joto kwa ajili ya alumini.

*Nafasi na kazi.* Vipimo vya kawaida Marekani ni futi 5 kwa 5 na futi 5 kwa 10, yaani takriban mita 1.5 kwa 1.5 na mita 1.5 kwa 3. Kile cha pili kikipangwa kwa akili, meza imesimama na viti vimepandana hadi juu, hubeba seti za familia mbili. Unahitaji gari la kubebea, mara mbili kwa mwaka, na mtu wa kushika upande wa pili.

*Gharama.* Oktoba hadi Aprili ni miezi sita hadi saba ya kodi. Bei ya tangazo la mwezi wa kwanza mara nyingi si bei ya mwezi wa tatu, na wengi wanadai bima. Soma mkataba, uliza bei kamili ya msimu, kisha ilinganishe na bei ya kununua seti nyingine kama hiyo. Mimi kodi ikipita nusu ya thamani ya vitu, naona unakodishia kumbukumbu. Ila seti ya mtiki ya watu kumi na wawili ni hesabu nyingine kabisa.

*Hatari.* Ndogo: panya wapo hata huko, wezi wachache. Mtungi wa gesi na petroli ya mashine ya kukatia nyasi haviruhusiwi. Hatari kubwa ni kusahau. Mwezi wa sita unakuta bado unalipa.

*Inamfaa nani?* Aliyepanga nyumba isiyo na gereji wala besimenti, anayehama katikati ya majira, au mwenye fanicha za bei kali. Na familia mbili tatu zinazoaminiana, zikigawana kodi.

Kwa hali yako

Kama unaishi ghorofani na una roshani tu: nunua vya kukunja tangu mwanzo, viingie nyuma ya mlango au chini ya kitanda. Meza ndogo ya alumini inaweza kubaki roshani chini ya kifuniko kilichofungwa sawasawa. Soma mkataba wa nyumba, kwa kuwa majengo mengi hayaruhusu vitu kurundikwa roshani, na majiko ya mkaa au gesi ndiyo kabisa.

Kama una ua, huna gereji, na fanicha ni mchanganyiko: gawanya. Alumini na mtiki vifunikwe nje, mito na mikeka iingie ndani, viti vya plastiki vipandane nyuma ya nyumba mahali barafu ya paa haifiki, vimefungwa kamba, na wala usiviguse hadi joto lirudi.

Kama una gereji ya gari moja na magari mawili, fanya hesabu ya faini kabla ya hesabu ya kiti. Ning'iniza ukutani na darini kadiri inavyowezekana, na kilichobaki kifunikwe nje.

Kama uko Kentucky, Ohio au Ujerumani ambako kunaganda na kuyeyuka, ondoa huko nje mbao zisizo mtiki kabla ya kitu kingine chochote. Kama uko Uingereza, fikiria hewa kuliko joto: stoo yenye matundu inashinda besimenti yenye ukungu. Dallas na Houston, baridi kali ni ya siku chache. Kifuniko, kitako cha mwavuli kilichomwagwa maji, na mito ndani, vinatosha miaka mingi.

Kama viti ni vya shughuli za jamii, thelathini au hamsini, visiwe mzigo wa nyumba moja. Jumuiya nyingi zina kanisa, msikiti au ukumbi wenye stoo. Ombeni kona, andikeni majina chini ya viti kwa rangi isiyofutika, na muwe na mtu mmoja mwenye ufunguo. Chumba cha kukodi cha kuchangiana nacho kinafanya kazi hiyo hiyo, ilimradi mchango ukusanywe Septemba kabla watu hawajaanza kununua tiketi za Desemba.

Kama una muda, osha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza, na ukiache kikauke siku mbili za jua kabla ya kukifunika au kukiingiza. Fanya hivyo mwishoni mwa Septemba Minnesota, bomba la nje likiwa bado halijafungwa.

Na kama muda umekupita? Hutakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 dhoruba ilianza tarehe 31 Oktoba, na ilipokwisha 3 Novemba ilikuwa imeangusha theluji ya takriban sentimita 72 juu ya Minneapolis na St. Paul; viti vingi havikuwa vimeingizwa. Usivute kiti kilichogandia kwenye mbao za baraza, utabaki na mguu. Punguza theluji juu yake kwa ufagio, toa mito uikaushe ndani, mwaga kitako cha mwavuli kama bado kinamwagika. Kisha subiri siku ambayo joto litapanda juu ya sifuri, kama inavyotokea mara nyingi mwezi Novemba. Siku hiyo geuza vyote vimwage maji, vipanguse, na uvifunike au uviingize kabla jua halijazama.